Sanduku la Chakula cha Msasa

Daktari wa wanyama amenikaba koo mpaka nimechoka. Kila nikipita mbele ya mlango wake ananiita, "Bibi, umeshaandika?" Niandike nini mimi? Kusoma nimejifunza nina wajukuu, na mpaka leo nikishika kalamu naishika kama nimeshika nyoka. Anasema ana kijitabu pale kwenye benchi, watu wanakisoma wakisubiri na mbwa wao, na anataka habari ya mume wangu iwemo. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Akasema, "Bibi, nilimwuliza. Akanijibu hali ya hewa si mbaya."

Basi, huyo ndiye mume wangu, na ndiyo maana naandika mimi. Mwandiko ni huu huu. Asiyeupenda amtazame mbwa wake.

Mume wangu ni fundi seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi Randa, kwa sababu tangu ujana wake randa haikumtoka mkononi. Hata mimi namwita Fundi. Mwanzo nilimwita hivyo kwa kejeli, kwa vile alikuja kutengeneza mlango wa baba yangu akakaa wiki nzima kwenye mlango mmoja, baba akaniambia huyu kijana ama ni mvivu ama anakutazama wewe. Hakuwa mvivu. Baadaye nikamwita Fundi kwa mapenzi. Sasa namwita hivyo kwa mazoea, na mazoea yana nguvu kuliko vyote viwili.

Karakana yake imeshikana na nyumba yetu. Ukitoka jikoni kwangu umeshaingia kwenye mbao. Vumbi lake nimelipepeta kwenye unga, nimelikung'uta kwenye mashuka, nimelichana kwenye nywele za binti yetu akiwa mdogo. Na vanishi ya kung'arishia mbao, usiseme. Makopo ya vanishi yalipangwa ukutani nyuma ya jiko langu kama vyombo vya harusi. Mgeni akiingia anakunja uso, mimi namwuliza, "Vipi, kuna kitu kimeungua?" Kwa kweli nilikuwa sijui anachokunjia uso.

Alikuwa mbishi wa kazi. Alikuja mtu kutaka meza, anaitaka upesi, Fundi akamwambia mbao haijakauka.

"Fundi, mimi nataka kulia chakula tu, sitaki kumrithisha mtu."

"Basi kalie chini."

Yule mtu aliondoka kwa hasira, akarudi mwezi uliofuata, akaichukua meza yake. Mpaka leo anaitumia. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwamini kwenye mbao, hutajuta. Shida ni kwamba yeye alidhani dunia nzima ni mbao.

Kazi ilimla masikio. Ule msumeno wa umeme alioununua kwa furaha, akaupamba kwa kitambaa siku ya kwanza kama bibi arusi, ndio uliomwibia masikio kidogo kidogo. Na hakukubali. Nikipaza sauti anafoka, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi!"

"Haya, nimesema nini?"

Anafikiri kidogo. "Umesema chakula tayari."

"Nimesema moshi umejaa nyumbani!"

"Si ndiyo chakula chenyewe?"

Tulicheka sana kwa mambo hayo, lakini usiku nikilala nilikuwa naogopa. Mtu asiyesikia na msumeno unaozunguka, nani atamwambia geuka?

Aliyemwambia ni mbwa. Alikuja mwenyewe, kitoto cha mbwa cha kike, tukakikuta kimelala kwenye rundo la maranda ya mbao kama kwamba kimezaliwa na randa. Fundi alipokishika kikamlamba kiganja. Akashtuka, "Ulimi gani huu, kama msasa!" Jina likawa hilo, Msasa.

Hakuna aliyemfundisha kitu Msasa. Alijifunza mwenyewe kwamba mtu huyu hasikii. Mteja akisimama mlangoni, Msasa anamvuta Fundi pindo la suruali. Mimi nikiita, anamvuta. Siku moja cheche ilianguka kwenye maranda nyuma ya mgongo wake, moshi ukaanza, mimi niko sokoni. Msasa akamvuta mpaka suruali ikachanika. Tangu siku hiyo suruali zake zote zilikuwa na pindo lililotafunwa, na akikutana na mtu anamwonyesha kama mwanajeshi anavyoonyesha kovu. Alifanya kazi ameupa mlango mgongo, bila wasiwasi. Wateja walizoea. Walikuwa hawapigi hodi tena, wanamwambia mbwa.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba mbwa yule akienda, karakana nayo imekwenda.

Sasa chakula. Huko chini mtaani kuna mwuza vyakula vya mifugo, tunamwita Bwana Kopo kwa sababu kila kitu kwake kinapimwa kwa kopo. Magunia yake yako wazi mchana kutwa, midomo imekunjwa nje kama shingo ya fulana kuukuu. Jua lake, vumbi lake, mvua ya kurusha yake. Chakula cha mbwa kikikaribia kwisha anamimina kipya juu ya kile cha zamani, kile cha chini hakijui lini kitatoka. Na Fundi alikuwa anachagua kama anavyochagua mbao. Anachukua punje moja, anaigonga kwa ukucha, anaivunja, anatazama ndani. Ikiwa ngumu anakubali kwa kichwa: "Hiki kimeshika."

Vile vya kwenye mifuko iliyofungwa, yenye picha, alikuwa anavidharau. "Tazama, mbwa anacheka! Kabati zuri halichorwi picha ya kabati." Bwana Kopo anacheka, anampimia, anaongeza punje mbili tatu za kumfurahisha mzee. Tunarudi nyumbani tumeridhika.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Msasa akaanza kukonda. Manyoya yakawa hayang'ai, yanatoka ukimpapasa. Alilala chini ya meza ya kazi hata mteja akiwa amesimama. Mara ya kwanza mteja alipongoja mpaka akachoka akaondoka, Fundi hakujua hata kwamba alikuja. Mimi ndiye niliyemwona anavuka barabara, nikamkimbilia na mwiko mkononi.

Binti yetu, mshona nguo anayekaa mji mwingine, alikuja kututazama. Hata mzigo hakutua. Alipiga magoti mbele ya mbwa, akamfunua jicho.

"Mama, macho ya Msasa yamekuwa ya njano."

"Ni uzee."

"Uzee haupaki rangi, mama."

Akambeba yeye mwenyewe mpaka kwa daktari huyu anayenisumbua sasa. Fundi akafuata nyuma, amenuna. Daktari ni msichana mdogo tu, lakini ana adabu. Alijua haraka kwamba mzee hasikii, akamgeukia uso kwa uso, akasema polepole ili amsome midomo.

"Baba, anakula nini?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Mfuko wa seremala mnaujua: misumari, kipande cha penseli, na punje za Bwana Kopo. Daktari akazichagua zile punje kwenye misumari, akazinusa, akaniangalia mimi kwanza, kisha yeye.

"Hiki kina ukungu, baba. Kimeingia unyevu kwenye gunia. Ukungu wa namna hii unakula ini la mbwa. Ini la Msasa limeumia. Lakini bado anaokoka, kama ataacha chakula hiki leo hii."

Fundi akamtazama Msasa. Akasema, "Kilikuwa kigumu vizuri."

Daktari hakucheka, na ndipo nilipompenda. Akamweleza vizuri. Atafute chakula kilicho kwenye mfuko wake uliofungwa, haujatobolewa. Ageuze mfuko asome nyuma, asisome picha. Kile kinachotajwa kwanza kwenye orodha ndicho kilichomo kwa wingi, kwa hiyo kitangulie nyama au samaki, tena itajwe ni nyama ya nini, si mahindi au pumba. Iandikwe kwamba ni chakula kamili cha mbwa mzima, maana cha watoto wa mbwa ni kingine na vitafunwa ni vitu vya kuchezea. Tarehe ya kwisha matumizi isiwe imekaribia. Kuwe na jina la aliyekitengeneza na anapopatikana. Na mfuko usiwe mkubwa kuliko mbwa, akala nusu na nusu ikachacha. Waanze kwa kidogo kidogo. Mwisho akasema, "Mkifika nyumbani mkifunge vizuri sana, hewa isiingie, wala unyevu."

Hilo la mwisho Fundi alilisoma kwenye midomo yake bila shida. Nilimwona macho yakimeremeta. Mambo yote mengine yalikuwa ya daktari. Hili lilikuwa lake.

Tulikwenda watatu kwenye duka kubwa. Nawaambia, nilikuwa sijawahi kuona watu wazima wakibishana hivi juu ya mbwa. Fundi alikuwa anainua mfuko mmoja mmoja na kuupima kwa mkono, anataka ule mzito. Binti anageuza nyuma anasoma, mimi nafuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Baba, huu umeanza na mahindi."

"Na huu?"

"Unasema mabaki ya nyama. Hausemi nyama gani."

"Aibu yake. Na huu?"

"Kuku. Ndiye wa kwanza. Na chini hapa, chakula kamili cha mbwa mzima. Na tarehe ni ya mwakani."

Fundi akauchukua ule mfuko, akauzungusha, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa juu, akauvuta. Haukuachia. Akaitazama gundi yake chini. "Kiungo hiki amekifanya mtu," akasema kwa sauti iliyogeuza duka zima. "Tuchukue." Yaani sisi tulisoma mpaka macho yakatoka maji, yeye akakubali kwa sababu ya mshono! Binti akanikonyeza. Nikaelekea kwenye kulipa, maana kwa mume wangu ukishinda usishangilie.

Msasa alikila. Tulimpa kutoka kwenye mfuko wenyewe, tukakichanganya kidogo kidogo na wali mtupu alioagiza daktari, akala polepole kama mgonjwa wa kweli, kisha akala bila kubembelezwa. Asubuhi moja nikiwa jikoni nikasikia Fundi anacheka peke yake. Nikachungulia. Mteja aliyeagiza dirisha alikuwa mlangoni, na Msasa, miguu inayumba, alikuwa amelishika pindo la suruali. Hakuwa na nguvu ya kuvuta. Alilishika tu. Mzee wa watu alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Siku zile zote alikuwa anatengeneza sanduku. Daktari alisema hewa isiingie, basi haitaingia. Alizitoa mbao nyekundu alizozificha miaka na miaka juu ya dari. Mimi nilijua ni za nini. Alikuwa amejiwekea kwa siku yake mwenyewe, jeneza lake, hakutaka aje azikwe kwenye mbao za fundi mwingine.

"Na wewe tukuzike kwenye nini?" nikampigia kelele.

"Kwenye mfuko wa chakula cha mbwa. Umeuona mshono wake?"

Sijawahi kuona sanduku kama lile. Pembe zimeshikana meno kwa meno, msumari hata mmoja hakuna. Kifuniko ukikishusha kinashuka chenyewe taratibu, kinatoa pumzi, fuu, kwa sababu hewa haina pa kupita. Akalipiga vanishi nje. Akalipiga vanishi na ndani, tabaka juu ya tabaka, ili unyevu usipenye. Akalianika juani. Akaligusa kwa kidole, kikavu. Akainamisha kichwa ndani, akanusa, akaridhika. Akaniita na mimi, "Njoo." Nikanusa. Akamimina chakula chote humo, mfuko mtupu akanipa mimi niwekee vibanio vya nguo.

Kesho yake asubuhi Msasa aliletewa bakuli. Akaliinamia. Akapiga chafya. Akarudi nyuma, akamtazama Fundi usoni.

"Anaringa," Fundi akasema.

Mchana hakula. Jioni hakula. Kesho yake alikuja mpaka kwenye bakuli, akamtazama tena bwana wake, akaenda kulala kwenye maranda.

"Mbona mwanzo alikula?" nikasema.

"Mwanzo kilikuwa kigeni. Sasa amekijua. Mbwa hasemi uongo."

"Basi turudi kwa daktari."

"Daktari ana pua ya Msasa?"

Nilichukua punje nikainusa mimi. Niliinusa vizuri, kwa nia njema. Haikuwa na kasoro. Ilinukia nyumbani kwangu. Nikamwambia Fundi, chakula hakina kitu, huyu mbwa amekinai tu. Na Fundi akachukua kofia yake akaenda kwa Bwana Kopo.

Cha Bwana Kopo Msasa alikionja. Nadhani alikionja kwa heshima. Kisha na hicho akakiacha, na maji akayaacha, na asubuhi moja tukamkuta chini ya meza ya kazi, pua ameielekeza mlangoni. Fundi alimzika nyuma ya karakana mwenyewe, hakutaka mtu amshikie jembe.

Binti alipopata habari alikuja. Alikuwa na hasira na sisi, nami nilikuwa na hasira naye kwa kuwa na hasira, tukakaa jikoni kama mahasimu. Mwisho akasema, "Kile chakula kiko wapi? Nikione." Akaingia karakana, akafunua lile sanduku. Nilimwona anarudi nyuma kama amepigwa kofi.

"Mama! Kinanuka vanishi!"

"Vanishi gani?"

"Mama, macho yanatoka machozi! Hamsikii?"

Nikainamia sanduku. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Nyumbani kwangu, basi. Hakuna kingine. Yule mtoto amekulia kwenye harufu ile ile, lakini ameishi nje yake miaka mingi, pua yake imerudi. Yangu haikurudi. Haikupata nafasi ya kwenda popote.

Fundi hakusikia neno, ila aliuona uso wa mwanawe. Akaja, akainama, akanusa. Akanusa tena. Kisha akachukua punje moja akaitia mdomoni, akaitafuna. Ulimi haukuwa umezoea kama pua. Uso wake uliporomoka mbele yetu. Akatema kiganjani, akasimama anaitazama ile punje.

"Vanishi," akasema.

Mtu huyu hajasema kwa sauti ya chini tangu masikio yaende, kwa kuwa hajisikii. Siku ile alisema chini mpaka nilisogea nimsikie. "Alinionyesha. Alipiga chafya, akanitazama. Nikasema anaringa."

Msasa alikuwa anatuambia ukweli siku zote, na sisi tulikuwa tunaukubali ukweli wake tukiupeleka kwingine. Hilo ndilo linaloniuma. Chakula tulikipata. Kilikuwa kizuri, alikuwa anapona nacho. Tulikiharibu kwa mapenzi, kwa mbao nzuri kuliko zote zilizokuwa nyumbani humu.

Alijaribu kuendelea na kazi. Siku moja mteja alimshika bega kwa nyuma msumeno ukizunguka. Vidole vyote vipo, mshukuruni Mungu pamoja nami, lakini aliuchomoa ule waya ukutani, akauzungushia msumeno kitambaa, hajauchomeka tena mpaka leo. Daktari alikuja kumpa pole. Akakaa kwenye kigoda, akamgeukia uso kwa uso. "Baba, kosa ni langu. Niliwaambia mfunge vizuri. Sikuwaambia mkiache kwenye mfuko wake mwenyewe, ndipo mkiweke popote mnapotaka." Mume wangu aliyasoma yote kwenye midomo yake, nina hakika aliyasoma. Hapo pia akamjibu hali ya hewa si mbaya.

Sasa mnataka kujua anafanya nini. Kila asubuhi baada ya chai anakaa karakana, anafungua lile sanduku, anaingiza mkono wenye karatasi ya msasa na kusugua ndani. Vanishi ilishatoka zamani, imebaki mbao tupu, nyekundu, laini kama shavu la mtoto. Anaendelea kusugua. Anasema harufu imezama. Binti ameahidi kumletea mbwa mwingine, amekwishampata, yuko kwa binti anasubiri. Fundi hataki. Mpaka sanduku lisafike kwanza. Daktari amemwambia mfuko peke yake unatosha, ukunje mdomo, uubane, uweke mahali pakavu. Amekataa. Mfuko utaingia ndani ya sanduku, na sanduku halitakuwa na harufu. Ndivyo alivyosema, na mkimjua mnajua hiyo imekwisha.

Kisha ananiita. "Imeisha?"

Nainama, nanusa. Sijui. Ningeweza kumdanganya, lakini anaijua pua yangu kama ninavyoijua yake. Namwambia sijui. Anarudia kusugua.

Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye benchi hilo, nimekuandikia mpaka kidole kimeota sugu, sasa ni zamu yako. Ukirudi nyumbani geuza mfuko wa mbwa wako usome nyuma, kisha ingiza pua, na kama pua yako imezoea nyumba yako ita jirani. Halafu njoo kwetu. Si mbali, daktari atakuonyesha njia, na ukikaribia utasikia karatasi ya msasa kwenye mbao. Usipige hodi, hatasikia. Simama mbele yake akuone. Funua sanduku unuse, umwambie ukweli usoni, polepole. Usimhurumie. Kama bado, sema bado. Na huyo mbwa wako mlete pia, yeye anuse kwanza. Ila msije mchana, mchana nalala.